Nakala Amilifu na Suala la Dhima: Mtazamo wa Kwanza juu ya Zana ya Mchezo wa Video

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno dhima limezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa linabeba nini. Husemwa kuwa dhima ya fasihi ni kuelimisha, kuburudisha, kuonya na kuhifadhi amali za jamii, na orodha hiyo hurudiwa madarasani mpaka ikawa kama wimbo. Hata hivyo, neno lenyewe lina sura mbili. Kwa upande mmoja, dhima ni kazi ambayo kitu hufanya. Kwa upande wa pili, ambao ndio ulio karibu zaidi na asili yake ya Kiarabu, dhima ni jukumu ambalo mtu amejifunga nalo. Ni jambo lililo shingoni mwake, na asipolitimiza huhesabiwa kuwa na deni. Saa ya ukutani ina kazi, lakini mlezi wa yatima ana dhima. Saa ikisimama huitwa mbovu. Mlezi akisimama huulizwa.

Makala haya yanadai kwamba kuchanganya sura hizi mbili ni kosa la kimaadili, licha ya kuwa kosa la kilugha. Ili kulidhihirisha kosa hilo, makala yanachunguza kitu ambacho pengine hakingetarajiwa katika kurasa za uhakiki wa fasihi, yaani nakala amilifu ya zana ya mchezo wa video. Kwa istilahi hii inakusudiwa zana ambayo haikuwahi kuwepo duniani ila ndani ya mchezo, kisha ikatengenezwa kiwandani kwa ajili ya wakusanyaji, tena ikatengenezwa kwa namna ambayo inafanana na ile ya kubuni na pia inafanya kazi: taa yake inawaka, kitufe chake kinazunguka, redio yake inasikika. Swali la msingi ni hili: kitu kilichobuniwa kikianza kufanya kazi kweli, je, kimekuwa cha kweli? Na aliye nacho amebeba dhima gani, na kwa nani?

Zana yenyewe na mtazamo wa kwanza

Mfano ulio wazi zaidi ni Pip-Boy, kifaa cha mkononi katika mfululizo wa michezo uitwao Fallout, ambao mchezo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1997. Hadithi ya michezo hiyo inahusu Marekani iliyoteketezwa na vita vya nyuklia. Waliosalia huishi mahandakini na baadaye hutoka kutafuta maisha juu ya ardhi iliyoharibika. Mhusika mkuu huvaa kifaa hiki kwenye mkono wa kushoto. Humo ndimo anamotazama hali ya mwili wake, orodha ya mali aliyobeba, ramani, na ndimo anamosikilizia redio. Kwa mchezaji, Pip-Boy ni kama daftari, dira na daktari kwa pamoja.

Mwaka 2015, mchezo wa Fallout 4 ulipotoka, liliuzwa toleo maalumu lenye nakala ya kifaa hicho iliyotengenezwa kwa plastiki. Nakala hiyo ilikuwa na nafasi ya kuingizia simu ya mkononi. Simu ikiisha kuingizwa na kuwekewa programu yake, ilionyesha kwenye kioo yaleyale yaliyokuwa yakionekana katika mchezo. Nakala hiyo haikuweza kupokea simu zote, kwani zile kubwa za wakati huo hazikuenea. Baadaye, kufuatia mchezo wa Fallout 76 wa mwaka 2018, kampuni ya The Wand Company ya Uingereza ilitoa nakala ya aina nyingine, iliyouzwa ikiwa vipande vya kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe. Hiyo ilikuwa na kioo chake na redio yake, nayo haikuhitaji kuazima uhai kutoka kwa simu.

Mtazamo wa kwanza juu ya kitu cha aina hii huwa na hatua zake. Kwanza jicho hutambua: ndicho hiki, ni kilekile. Kisha mkono hupima uzito, na kidole huzungusha kitufe ili kusikia kama kina mlio unaotarajiwa. Mwisho taa ya kijani huwaka, na hapo mshangao hukamilika. Mshangao huo ni halali. Haufai kubezwa kuwa utoto, maana ndio uleule unaompata msomaji anapofika katika mtaa aliousoma riwayani na kukuta barabara zimekaa kama zilivyosimuliwa. Tofauti ni kwamba mtaa ulitangulia riwaya. Zana hii haikutanguliwa na chochote.

Yafaa sasa mtazamo huo uhamishwe kutoka chumba cha mkusanyaji wa Ulaya au Marekani na kuwekwa mahali ambapo kitu hiki hakikutarajiwa. Mathalani, kifikishwe Mikindani, bara ya magharibi ya Mombasa, ng'ambo ya Changamwe, ambapo malori yenye makontena kutoka bandari ya Kilindini hupita kuelekea Nairobi. Michezo ya video si kitu kigeni katika mitaa ya namna hii, kwani vijana huilipia vibandani, hasa ile ya kandanda. Kifaa kikifunguliwa mbele ya jamaa na majirani, kuna maswali mawili ambayo Kiswahili kitayatenganisha papo hapo. Kijana atauliza, "Kinafanya kazi?" Mtu mzima atauliza, "Kina kazi gani?" Swali la kwanza linahusu mtambo, na jibu lake ni kuwasha taa. La pili linahusu haja, na jibu lake ni gumu zaidi. Ramani, redio, orodha ya mali na hata fedha zimo tayari katika simu iliyo mfukoni mwa muulizaji. M-Pesa peke yake imekuwepo tangu mwaka 2007. Kile ambacho mchezo wa mwaka 1997 ulikiwaza kuwa zana ya dunia ya kubuni kimekuwa jambo la kila siku Mikindani, bila vita vya nyuklia na bila kufungwa mkononi. Kwa hiyo nakala ya mwaka 2015, kwa jicho la mtaa huo, ni ganda kubwa lililovishwa kitu kidogo ambacho kilikuwa kikifanya kazi zote hizo tangu hapo.

Hata hivyo, kuna swali la tatu, ambalo kwa kawaida halijitokezi katika mtazamo wa kwanza: kinamdai nani? Sehemu zinazofuata zinajaribu kuonyesha kwamba swali hili ndilo linaloamua mengine.

Mwigo uliogeuzwa

Nadharia ya mwigo katika fikra za Kimagharibi huanzia kwa Plato. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anataja vitanda vitatu: kitanda cha asili ambacho ni wazo, kitanda cha seremala ambacho humwiga wazo, na kitanda cha mchoraji ambacho huiga kile cha seremala. Mchoraji yuko mbali zaidi na ukweli, na kwa sababu hiyo mshairi, ambaye ni ndugu yake, anatiliwa shaka. Aristotle aliutetea mwigo kwa kusema kwamba binadamu hujifunza na kufurahi kwa kuiga, lakini hakuubadilisha mpangilio huo kwamba kuna kitu, kisha kuna mfano wa kitu.

Nakala amilifu inaugeuza mpangilio huu juu chini. Hapa mchoraji ametangulia na seremala amekuja nyuma yake akimwiga. Walter Benjamin, katika miaka ya 1930, aliandika kuhusu kazi ya sanaa kupoteza haiba yake ya pekee inapozalishwa kwa wingi na mashine. Lakini zana hii haina haiba ya kupoteza, kwa vile asili yake ni picha ambayo tangu mwanzo ilikuwa ya watu wengi. Jean Baudrillard, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alizungumzia nakala zisizo na asili, naye aliziona kuwa dalili ya zama zilizopotewa na uhalisia. Wasiwasi wake una msingi, ila unachukulia kwamba kukosa asili ni hasara siku zote. Mapokeo ya fasihi simulizi ya Kiafrika hayaungi mkono dhana hiyo moja kwa moja.

Katika uhakiki wa fasihi simulizi na tamthilia, vifaa na mavazi anayotumia fanani huitwa maleba. Mtambaji anaposhika mkongojo wake na kuuelekeza mbele, mkongojo huwa mkuki. Akiuegemea, huwa mti. Akiukalia, huwa mtumbwi. Mkongojo haufanani na mkuki wala mtumbwi, nao hauwezi kumchoma mtu wala kumvusha mto. Unafanya kazi kwa sababu hadhira imeridhia, na ridhaa hiyo ina masharti. Mtambaji anadaiwa hadithi iliyokamilika. Hadhira nayo inadaiwa kuitikia. Kwa maneno mengine, maleba ya mtambaji hayana uamilifu wowote wa kimtambo, lakini yana dhima. Nakala amilifu ni kinyume chake. Imejaa uamilifu wa kimtambo, na kwa kuwa haiachi pengo lolote la kujazwa na hadhira, haimdai mtazamaji chochote ila atazame.

Wachongaji wa Changamwe

Safari fupi kutoka Mikindani humfikisha mtu Changamwe, ambako kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963. Inasimuliwa kwamba sanaa hii ya biashara ilianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nayo Ukambani. Katika vibanda vya Changamwe huchongwa wanyama, vinyago na askari wa Kimaasai wenye mikuki, kwa mpingo, mwarobaini na miti mingine, kwa ajili ya watalii na masoko ya ng'ambo.

Askari wa Kimaasai aliyechongwa na Mkamba na kununuliwa na Mjerumani ni nakala ambayo haidai kuwa amilifu. Mkuki wake ni kijiti. Mhakiki mwepesi wa kulaumu atasema kwamba ni sanaa ya uongo, kwani mchongaji hachongi utamaduni wake bali taswira ya Afrika iliyo kichwani mwa mnunuzi. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, lakini inasahau kuuliza nani anadaiwa nini. Mchongaji anawadai wenzake katika ushirika, na wenzake wanamdai. Anadaiwa karo, na mti alioutumia unadai kupandwa mwingine. Mnunuzi naye anajua anachonunua. Hakuna aliyedanganywa kwamba kijiti kile kitaua simba. Kwa kipimo cha dhima, kinyago kile kina uaminifu ambao hauonekani kwa kukitazama tu, kwa sababu madeni yake hayakuandikwa usoni mwake.

Hapa inafaa kuikubali hoja moja kwa ajili ya zana ya mchezo wa video. Nayo, kama kinyago cha Changamwe, haimdanganyi mtu. Zaidi ya hayo, haina mwenyewe aliyeporwa. Hakuna ukoo unaolilia Pip-Boy wake wa kwanza, wala hakuna kaburi lililofukuliwa ili ipatikane. Imezaliwa na ubunifu na imerudi kwa wapenda ubunifu. Kwa sababu hiyo, furaha ya anayeifungua ni furaha isiyo na deni, na jamii yoyote inahitaji vitu vichache vya namna hiyo. Tatizo la kimaadili halimo katika zana hii. Limo katika mazoea ya jicho ambayo zana hii inayakuza, yaani mazoea ya kukipokea kila kitu kinachofanana na kinachowaka kana kwamba nacho hakina deni.

Kigango na kibao

Mazoea hayo yana historia katika pwani ya Kenya. Wagiriama, na baadhi ya jamii nyingine za Mijikenda, huwasimamishia wafu waliokuwa wanachama wa chama cha Gohu nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango. Kigango hakiwekwi kwa kupamba boma. Aghalabu koma, yaani roho ya marehemu, hujitokeza ndotoni au huleta shida nyumbani, na jamaa hutambua kwamba inadai kusimamishiwa nguzo yake. Basi kigango ni jibu la dai. Kazi yake na dhima yake ni kitu kimoja.

Kuanzia miaka ya 1970 vigango vilianza kuwavutia wakusanyaji wa Marekani, na vingi viliibwa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ikapita kabla havijatambuliwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na vilirudishwa Kenya mwaka 2007. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vigango 30. Mkusanyaji aliyekinunua kigango huenda hakuwa mwizi moyoni. Alikitazama, akaona umbo jembamba lenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu, akashangaa, akalipa. Mtazamo wake wa kwanza ulikuwa sahihi kuhusu umbo. Ulichoshindwa kukiona ni deni, kwa kuwa deni halina umbo.

Jambo lenye kufundisha zaidi katika desturi hii ni lile linalotendeka watu wanapohama. Vigango havihamishwi, huachwa viozee mahali pake. Katika makao mapya husimamishwa kibao, yaani kigongo kifupi kisicho na nakshi za kigango, na koma hualikwa kuja hapo. Kibao ni nakala, lakini ni nakala isiyojali kufanana. Mtu asiyejua angeweza kukipita akidhani ni kigingi cha kufungia mbuzi. Pamoja na hayo, kibao kinapokea dhima yote ya kigango, kwa sababu kuna watu walio hai waliokubali kubeba deni lilelile mahali pengine. Hapa ndipo linapopatikana jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Kufanana hakutoshi kukifanya kitu kuwa cha kweli, wala kuwaka hakutoshi. Nakala huwa ya kweli pale inapolirithi deni la kile inachokiwakilisha.

Ngoma katika mchezo

Kipimo hiki si cha kale tu. Mwaka 2025 kampuni ya Nyamakop ya Afrika Kusini ilitangaza mchezo wa video uitwao Relooted, ambamo mchezaji anaongoza kikundi cha watu wanaotwaa tena vitu vya Kiafrika kutoka majumba ya makumbusho ya Magharibi. Vitu vinavyotwaliwa katika mchezo huo vina asili duniani. Kimojawapo ni ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa bonde la Mto Tana, iliyochukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwaka 1902 na ambayo imo katika British Museum jijini London tangu mwaka 1908. Katika mapokeo ya Wapokomo, ngoma hii ilikuwa nguzo ya mamlaka ya wazee, na watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuiona.

Mchezo huo ni wa kupongezwa. Umewafanya vijana ambao hawakuwahi kulisikia jina la ngadji walitamke, na umelisimulia deni hilo kama deni. Lakini tuseme kesho kiwanda fulani kinatengeneza nakala amilifu ya ngoma hiyo kwa ajili ya wakusanyaji, yenye vipimo kamili na mlio uliopimwa kwa mitambo. Italia, tena kwa ufasaha. Mtazamo wa kwanza utakuwa uleule wa Pip-Boy: ndiyo hii, ni ileile, na inafanya kazi. Hata hivyo, vitu hivi viwili haviko katika daraja moja. Pip-Boy ilitoka katika ubunifu na haina wa kumrudia. Ngadji imepita tu katika ubunifu, ikiwa njiani kutoka kwa watu walioporwa, na watu hao bado wanaingoja. Nakala yake inayouzwa bila wao itakuwa na sauti isiyomwita mtu yeyote. Tena huenda ikawa na madhara makubwa kuliko nakala isiyolia kabisa, kwa vile itampa mwenye kuinunua, na pengine hata anayeihifadhi ile ya asili, hisia kwamba jambo limekwisha.

Kinyume chake, wazee wa Kipokomo wakiamua siku moja kuchonga ngoma nyingine na kuipa jina na wajibu wa ile ya kwanza, uamuzi huo utakuwa wao, na ngoma hiyo itakuwa kama kibao katika makao mapya. Hata hivyo haitalifuta dai la ile iliyoko London. Kibao husimamishwa na waliohama kwa hiari yao; hakuna desturi inayomruhusu mwizi kuwasimamishia wenyewe kibao.

Hitimisho

Wahakiki wa fasihi hawana sababu ya kudhani kwamba suala hili ni la wakusanyaji na wachongaji peke yao. Sehemu kubwa ya ushairi mkongwe wa Kiswahili imefika kwa wasomaji wa leo kwa njia ya nakala. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili. Ndiye aliyeandika utendi wa Liyongo wa mwaka 1913, na aliwanakilia miswada wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Hati yake ilikuwa nzuri, na mtazamo wa kwanza wa mswada wake hulivutia jicho kabla ya maana. Lakini thamani ya mnakili haikuwa katika uzuri wa hati pekee. Mnakili alidaiwa na mtunzi asiyekuwepo kusema neno lake, na alidaiwa na msomaji asiyemjua. Anayesoma mswada wa namna hiyo leo, akaufasiri na kuuchapa, anaingia katika mnyororo huohuo wa madeni, apende asipende.

Kwa hiyo, darasani inaposemwa kwamba dhima ya utenzi fulani ni kuelimisha na kuonya, imesemwa nusu tu, nayo ni ile nusu ambayo hata kifaa cha plastiki chenye taa ya kijani kinaweza kuitimiza kwa kiasi chake. Nusu iliyobaki ni kuuliza utenzi huo ulimfunga nani alipousikia kwa mara ya kwanza, na unamfunga nani sasa. Anayefungua Pip-Boy yake Mikindani ana haki ya kushangaa na kufurahi bila kuulizwa swali hilo. Anayefungua mswada wa marehemu, au anayesimama mbele ya kigango au ngoma ya watu, hana haki hiyo mpaka awe amelijibu.